Pamba yetu inapimwa ikishafika Arusha. Kwa nini aliyeilima haambiwi majibu?

Kitumba_A

Habari za jioni wakuu. Naomba mnivumilie, mada itakuwa ndefu na nitaiweka vipande vipande kwa sababu naandika kwa simu nikitoka zamu.

Mimi mzaliwa wa Maswa, Simiyu. Ada yangu ya sekondari, sare, hata godoro la bweni, vyote vilitoka kwenye pamba ya mama. Sasa ni mwaka wa 11 nipo Arusha, kwenye maabara ya kiwanda cha kusokota uzi. Kiwanda chenyewe sitakitaja. Kazi yangu ni kupima pamba kabla haijaingia kwenye mashine.

Wiki iliyopita tulifungua robota, yaani furushi la pamba iliyoshindiliwa. Mnaijua baridi ya Arusha ya Julai, asubuhi vidole vimekufa ganzi, lakini ukizamisha mkono kwenye pamba unakuta joto. Nikachukua fungu la kupima kwa mkono kama nilivyofundishwa: unalibana kwa vidole gumba, unavuta, unapanga, unavuta tena mpaka nyuzi zilale upande mmoja, kisha unazitandaza juu ya kitambaa cheusi uone urefu wake. Katikati ya weupe ule kulikuwa na utepe wa bluu, mwembamba kama jani la nyasi, haufiki urefu wa kidole. Kiroba. Mfuko uleule wa sandarusi wa kubebea mahindi.

Utepe mmoja wa namna hiyo ukipita kwenye mashine ya kuchana nyuzi unapasuka kuwa vinywele mamia. Kwenye uzi huvioni, na kwenye kitambaa kibichi huvioni. Vinajitokeza siku kitambaa kinapotoka kwenye rangi, kwa sababu plastiki ile hainywi rangi ya pamba. Tumewahi kurudishiwa mzigo wa kitambaa cheusi kwa jambo hilohilo. Nilikaa nacho mezani na kibanio nikichomoa kimoja kimoja mpaka macho yakauma.

Jioni ile nikampigia mama, nikamuuliza siku hizi wanachumia kwenye nini. Akasema viroba, kama watu wote, na kikichanika wanakishona kwa kamba waliyofumua kwenye kiroba kingine. Nikamweleza nilichokiona. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa baba, miaka yote hiyo mbona hakuna aliyetuambia? Wao wakija wanapima kilo tu."

Hiyo ndiyo mada yangu. Kila robota linalopita mezani kwangu lina majibu ya urefu, nguvu, unene, rangi na takataka. Majibu hayo nayasoma mimi, anayasoma mfanyabiashara, anayasoma mnunuzi wa Ulaya na Asia. Mama yangu hajawahi kuyaona hata siku moja, na yanahusu kazi ya mikono yake.

Nitaendelea kesho.

Ndizi_Kibosho

Naweka kiti hapa mkuu. Endelea.

FundiChereheni_Moshi

Mada nzuri sana. Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Moshi karibu na soko la Memorial. Kabla hujaendelea nisaidie jambo moja linalonisumbua na wateja. Fulana mpya inaota vifundo na vinyweleo baada ya kufuliwa mara tatu, lakini fulana ya mtumba ya miaka kumi bado imetulia. Mteja ananilaumu mimi kana kwamba nimemuuzia kitambaa kibovu. Ni pamba au ni nini?

Kitumba_A

Shikamoo fundi kama umenizidi. Swali lako linaingia palepale nilipotaka kuanzia.

Tukubaliane kwanza maneno. Nikisema unyuzi, namaanisha kile kinywele kimoja kinachoota juu ya mbegu. Nikisema uzi, namaanisha kilichosokotwa kiwandani. Uzi mmoja wa fulana ni nyuzi nyingi zilizoshikana kwa kusokotwa tu, hakuna gundi. Unyuzi mrefu unazungushwa na kubanwa mara nyingi, ncha zake ni chache. Unyuzi mfupi unabanwa kidogo, na ukifua na kuvaa ncha inachomoka, inajiviringisha na jirani zake, unapata kifundo. Kwa hiyo fulana inayoota vinyweleo mara nyingi imesokotwa kwa pamba yenye nyuzi fupi nyingi, au uzi haukupitishwa kwenye mashine ya kuchana mara ya pili inayotoa nyuzi fupi, maana hatua hiyo inaongeza gharama. Na fulana ya mtumba iliyofika kibandani kwako tayari imeshinda mchujo, zile zilizoharibika zilitupwa hukohuko.

Sasa vipimo. Mashine tunayotumia inaitwa HVI, inapima sifa zote hizo za unyuzi kwa mkupuo. Inakaa chumba ambacho joto lake ni nyuzijoto 20 au 21 na unyevu wa hewa asilimia 65, usiku na mchana, umeme ukatike usikatike, kwa sababu pamba inakunywa unyevu na nguvu yake inabadilika. Sampuli hulala humo kwanza kabla ya kupimwa.

Urefu wa pamba yetu ya Kanda ya Ziwa huwa karibu na inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28 hadi 29. Siyo mfupi, ni urefu unaoheshimika. Nguvu hupimwa kwa kukata fungu la nyuzi. Ikifika gramu 30 kwa teksi (teksi ni kipimo cha unene, gramu kwa kila kilomita ya unyuzi) tunafurahi, mashine zinakimbia bila uzi kukatika. Rangi inasomwa kwa weupe na kwa unjano.

Kipimo kinachoumiza vichwa ni maikronea. Mashine inapuliza hewa kupitia fungu la pamba lenye uzito uliopangwa. Nyuzi zikiwa nyembamba hewa inapita kwa shida, zikiwa nene inapita kirahisi. Namba kati ya 3.5 na 4.9 hupokelewa bila kukatwa bei, na kati ya 3.7 na 4.2 ndiyo tamu kabisa. Kwa nini inajalisha? Chukua uzi namba 30, ambao ni uzi wa kawaida wa fulana. Ukiukata na kuhesabu, kwa pamba ya maikronea 4 utakuta nyuzi kama 125. Kwa pamba ya maikronea 5, uzi huohuo utakuta nyuzi kama 100. Uzito ni uleule na unene wa kuona kwa macho ni uleule, lakini mikono inayoshikana imepungua kwa moja ya tano. Uzi unakosa usawa, unakatika, na sisi tunasimamisha mashine kuunga.

Msidhani kwamba namba ikiwa ndogo ndiyo bora zaidi. Ikishuka chini ya 3.5 mara nyingi ni unyuzi ambao haukukomaa, ukuta wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Huo unajifunga vifundo kwenye mashine, na kwenye rangi unabaki na madoa meupe.

Mtoto_wa_Mererani

Aisee. Mimi nilidhani pamba ni pamba tu.

Kitumba_A

Ndugu yangu, hata mimi nimelima miaka na sikujua. Ngoja niwaeleze kile ambacho laiti ningekijua nikiwa darasa la tano nikipalilia.

Unyuzi wa pamba ni seli moja. Moja tu, iliyotoka kwenye ngozi ya mbegu ikarefuka mara maelfu ya upana wake. Mbegu moja inabeba nyuzi zaidi ya 10,000. Mkulima yeyote anajua ua la pamba linafunguka asubuhi likiwa jeupe la maziwa, na kesho yake limegeuka rangi ya waridi. Basi siku ile ya weupe ndiyo siku unyuzi unapoanza kuchomoza.

Kuanzia hapo kwa kama wiki tatu kazi ni moja, kurefuka. Seli inajaa maji, maji yanasukuma, inarefuka kama puto. Mvua ikikatika wiki hizo, msukumo unapungua, unyuzi unabaki mfupi. Hata mvua ikirudi kwa wingi mwezi unaofuata, urefu uliopotea haurudi. Baada ya hapo kinaanza kipindi cha kujaza ukuta kwa ndani, tabaka juu ya tabaka za selulosi, mpaka unyuzi unakuwa selulosi zaidi ya sehemu 90 katika 100. Hapo linahitajika jua, joto na majani yenye afya. Majani yakiliwa au mmea ukinyauka, ukuta unabaki mwembamba, na mimi huku naona maikronea ndogo. Siku kama 50 tangu ua, kitumba kinapasuka. Unyuzi unakauka, unabonyea kama mpira wa baiskeli uliotoka upepo, na unajisokota wenyewe. Misokoto hiyo midogo ndiyo inayofanya nyuzi zishikane. Bila hiyo tusingekuwa na nguo za pamba.

Ina maana robota likifika mezani kwangu, naona mvua ya Maswa. Naona kama alipanda kwa wakati, kama vitumba vya mwisho vilikomaa, kama alichuma umande ukiwa haujakauka. Vyote vimo humo.

Nikianika namba zangu mezani mwisho wa msimu natamani niwe na njia ya kusema: hii ya kijiji fulani ni nzuri mno, asanteni. Sina. Robota lina alama ya jineri tu, yaani kiwanda kilichotenganisha nyuzi na mbegu.

Mkulima_Lalago

Mwangaluka mdogo wangu. Nimesoma yote tangu jana, na nimefurahi kwamba kuna mtoto wa nyumbani huko kwenye mashine.

Nikuambie ya huku. Ushauri tunao, usidhani tumelala. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru walikuja na nafasi ya sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo, badala ya ile ya zamani ya 90 kwa 40. Hesabu yao ni kwamba ekari inatoka miche 22,222 inafika 44,444. Nilijaribu ekari moja, mavuno yakaongezeka kweli na pamba ikaiva kwa pamoja zaidi. Lakini palizi! Kwa sentimita 90 nilikuwa napitisha maksai na jembe la palizi bila shida. Kwa 60 ng'ombe wanakanyaga miche, inabidi jembe la mkono, na watu wa kulima kwa mkono hawapo, vijana wamekwenda bodaboda. Kwa hiyo ekari moja nafanya 60, zilizobaki ni 90. Waliopima shamba la majaribio walipima kila kitu isipokuwa mgongo wangu.

Kuhusu viroba. Mfuko wa kitambaa nikiutafuta nitaununua kwa hela yangu. Jirani yangu anamwagia pamba maji usiku, anatupia na mchanga, asubuhi mizani inasoma kilo zaidi. Tunalipwa bei ileile kwa kilo. Mimi niliyechuma safi nimepata nini?

Kitumba_A

Shikamoo kaka. Hapo umegusa kidonda chenyewe, na hilo la palizi nitalinakili nimpelekee mtu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanakuja Nane Nane hapa Themi kila mwaka. Linahitaji jembe la kukokotwa jembamba, na Arusha hii tuna CAMARTEC ambao kazi yao ni zana za kilimo. Ni tatizo linaloweza kutatuliwa na mtu mwenye karakana.

Kuhusu maji: nikuambie yanakofika. Pamba yenye maji ikirundikwa ghalani inachemka. Zamisha mkono katikati ya rundo utasikia. Wadudu wasioonekana wanaanza kuila, weupe unageuka unjano, na mbegu iliyomo inakufa. Mbegu hizohizo ndizo mnazorudishiwa kupanda mwakani. Jirani yako anamwagia maji shamba lake la msimu ujao bila kujua, na lako pia.

Madaraja yetu sokoni ni mawili, pamba safi na fifi, yanaangaliwa kwa macho. Fifi ni ile iliyochafuka, iliyopata madoa ya kangambili, iliyonyeshewa. Kwa macho huwezi kuona urefu, nguvu wala ukomavu. Kwa hiyo wanaume wawili wenye pamba safi wanalipwa sawa, hata kama mmoja pamba yake ingesokota uzi wa shati na mwingine ya kwake inafaa utambi.

Wazee wetu walipambana na jambo la aina hii. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa wanapunjwa kwenye mizani. Paul Bomani na wenzake wakaanza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya Victoria, VFCU. Walidai wajue kilo yao. Naona sasa tudai kujua unyuzi wetu.

Mchumi_Njiro

Mkuu nakubaliana na moyo wa mada lakini ngoja nipinge kidogo. HVI ni mashine ya mamilioni mengi, inataka chumba cha hali ya hewa, umeme, fundi. Mkulima wa ekari mbili anapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha kijijini, kilo 500. Huwezi kumpima kila mmoja. Marekani wanaweza kwa sababu shamba moja linatoa marobota mamia. Huku ukisema bei ifuate unyuzi, utawapa wanunuzi kisingizio kipya cha kumpunja mkulima: "maabara imesema pamba yako mbaya". Atabisha kwa lipi?

Kitumba_A

Hoja yako nzito na sitaipita juujuu. Hofu ya maabara kugeuzwa rungu ninayo pia.

Kumpima mkulima mmoja mmoja haiwezekani, kweli. Ninachosema ni kupima robota na kujua limetoka AMCOS gani. Jineri ikichambua pamba ya AMCOS moja kwa siku yake bila kuichanganya, marobota yakapewa namba, sampuli ikachukuliwa pande mbili za robota, basi kijiji kizima kinapata majibu. Bei ya mwanzo ilipwe kwa kilo kama sasa, mtu asisubiri hela ya dawa. Marobota yakiuzwa na unyuzi ukawa mzuri, kinachozidi kirudi AMCOS kama malipo ya pili. Malipo ya pili wazee wanayajua, ushirika ulikuwa unalipa hivyo. Maabara inaongeza tu, haikati ile ya kwanza.

Na mahali pa kubishania papo. Marekani tangu 1991 karibu kila robota linapimwa kwa HVI na wizara yao ya kilimo, siyo na mnunuzi. Kwetu, Shirika la Viwango, TBS, Dar es Salaam, lilichaguliwa kuwa kituo cha kiufundi cha upimaji wa pamba kwa ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika, na mwenzake yuko Ségou, Mali. Maabara zinapelekewa pamba ileile zote, kila moja inapima bila kujua mwenzake amepata nini, kisha zinalinganishwa. Anayepima vibaya anaonekana. Kwa hiyo mpimaji asiye mnunuzi yupo nchini, tunachokosa ni utaratibu wa kulifikisha jibu kijijini.

Mzee_wa_Tambarare

Mimi niko Mwanga, Kilimanjaro. Vijana wengi wa Moshi hawajui kwamba mkoa wetu nao umo kwenye orodha ya Kanda ya Mashariki ya pamba, pamoja na Morogoro, Tanga na Pwani. Mbegu zetu zilikuwa zinatoka Ilonga, Kilosa, siyo Ukiriguru. Baba alilima pamba tambarare ya huku chini. Kilichomshinda ni soko, mnunuzi alikuwa anakuja akijisikia. Shamba lile leo ni mahindi na alizeti. Ninawasoma kwa makini.

Kijana_Sakina

Swali kwa wajuzi: wenzetu Kenya wameruhusu pamba ya GMO, iliyobadilishwa vinasaba, inayoua funza yenyewe. Kwa nini sisi tunahangaika na mabomba ya mgongoni?

Sayansi_Tengeru

Naomba nijibu hilo, nasoma uzamili chuo cha Nelson Mandela hapa Tengeru.

Kenya waliruhusu Desemba 2019, ni kweli. Lakini kwenye mada inayohusu unyuzi, mfano wa kuusoma ni Burkina Faso. Walianza kulima pamba ya Bt, hiyohiyo ya GMO inayoua funza, kibiashara mwaka 2008. Funza walipungua, dawa zikapungua, wakulima wengi waliipenda. Shida ilitokea jineri na sokoni. Pamba yao ilikuwa na sifa ya nyuzi ndefu, na kampuni zikaanza kuona urefu umeshuka na kiasi cha nyuzi kinachotoka kwenye kilo ya pamba mbegu kimepungua. Bei ikaumia. Kuanzia msimu wa 2015/16 wakaanza kuiondoa. Maelezo ya watafiti wengi ni kwamba jeni ile (kinasaba) ya kuua funza haikuwa na kosa. Ililetwa ikiwa ndani ya mbegu ya Kimarekani, na mbegu hiyo ikazalishwa na mbegu ya kwao mara chache mno, kwa hiyo sifa za unyuzi wa nyumbani hazikurudi zote. Haraka iliwagharimu.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya "GMO au siyo GMO" ni mbegu inayobeba ni ipi, na nani amepima unyuzi wake kwa misimu mingapi.

Niongeze la Ukiriguru kwa sababu watu hawawapi haki yao. Kituo kipo Misungwi, Mwanza, tangu miaka ya 1930. Herufi UK kwenye UK 77, UK 82 na UK 91 ni Ukiriguru hiyo. Mdudu aliyewatesa mwanzoni ni chawajani, anayefyonza majani mpaka yanajikunja kingo na kuwa mekundu. Dawa yake ikawa nywele: watafiti wakachagua mimea yenye majani yenye manyoya marefu, chawajani akakosa pa kukaa na kutaga. Ndiyo maana pamba yetu ukiishika jani linakwaruza. Lakini kila zuri lina bei. Jani lenye manyoya inzi weupe wanalipenda zaidi, na likikauka vipande vyake vinang'ang'ania kwenye pamba. Mzalishaji wa mbegu anafanya mizani hiyo kila mwaka: ukinzani wa chawajani, wa ugonjwa wa bakteria, wa mnyauko fuzari, huku akilinda urefu na nguvu visishuke. Mmea mmoja bora kati ya maelfu, halafu miaka mingi ya kuhakikisha.

Na kazi yote hiyo inaweza kupotea jineri kwa msimu mmoja tu, mbegu zikichanganywa. UKM08 ilipokuja kuchukua nafasi ya UK 91, ilibidi izalishwe kwanza maeneo yaliyotengwa kama Igunga, pamba nyingine isikaribie.

Kitumba_A

Asante sana mwanasayansi. Kuhusu kuchanganyika mbegu, mimi naona matokeo kwenye namba ya usawa wa urefu. Robota moja lina nyuzi za milimita 29 na za 24 pamoja, kama familia mbili zimelazwa kitanda kimoja.

Inzi weupe umewataja, nami niwaeleze wanachotufanyia, maana wakulima wengi wanadhani madhara yanaishia kwenye jani. Inzi weupe na vidukari wanafyonza utomvu wa mmea na kutoa maji ya sukari. Vitumba vikiwa vimepasuka, sukari hiyo inadondokea pamba. Haionekani. Inakuja kiwandani, inapita kwenye roli za mashine zilizopata joto, inayeyuka. Nyuzi zinajizungusha kwenye roli kama pipi ya kijiti. Unasimamisha mashine, unakata kwa kisu, unafuta, unawasha, dakika kumi tena. Sudan iliwahi kukatwa bei miaka mingi kwa sababu ya sifa hiyo ya kunata. Ikishakuwa jina la nchi, hata aliye msafi anakatwa.

Na mara nyingi chanzo ni kupuliza dawa ovyo. Ukipuliza dawa kali mapema kwa hofu, unaua na wale wadudu rafiki wanaokula vidukari. Baada ya wiki mbili vidukari wanarudi bila mlinzi. Kaka wa Lalago, kagua shamba kwanza, hesabu funza, ndipo upulize. Na angalia lebo. Kila kiuatilifu kinachopaswa kuuzwa nchini kinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ofisi zake ziko hukuhuku Arusha, pale Ngaramtoni palipokuwa taasisi ya zamani ya TPRI. Chupa isiyo na namba ya usajili usiipeleke shambani, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kule Meatu wapo wanaolima pamba hai tangu miaka ya 1990, bila dawa za viwandani, wanapanda mistari ya alizeti katikati ya pamba kuwavuta wadudu. Ipo njia nyingi.

Mkulima_Lalago

Mdogo wangu, nimekuelewa. Sasa nisaidie kwa vitendo. Mwaka huu nimechuma mara tatu. Mchumo wa kwanza na wa pili niliuza. Wa mwisho uko ndani, na nimebakiza kidogo cha wa kwanza kilichowekwa kwa ajili ya mto wa mtoto. Nikikutumia kwa basi, unaweza kunipimia? Nataka kuiona hiyo namba yangu kabla sijafa.

Kitumba_A

Kaka, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Leo asubuhi nilimfuata bosi nikamweleza, amekubali sampuli tatu, bila malipo, nje ya saa za kazi.

Fanya hivi. Mchumo wa kwanza weka peke yake, wa mwisho peke yake. Nategemea tofauti itakuwa kubwa: vitumba vya chini vilivyojaa mvua ikiwepo huwa vimekomaa, vya juu kabisa vilivyofungwa mvua ikiondoka huwa na ukuta mwembamba. Ukiona kwa namba utaelewa kwa nini Ukiriguru wanakazania kupanda mapema, na kwa nini isifae kuichanganya michumo hiyo ghalani.

Nusu kilo ya kila mchumo inatosha, pamoja na mbegu zake. Usipeleke jineri, nitatenganisha mbegu kwa vidole hapa, hivyo tutaona unyuzi kabla msumeno wa mashine haujaugusa. Ikiwezekana sampuli ya tatu iwe ya ile ekari ya 60 kwa 30, tuone kama imetofautiana na ya 90.

Funga kwenye kipande cha kanga au shuka kuukuu la pamba. Kiroba hapana. Ianike kivulini kwanza iwe kavu kabisa, na usiifunge asubuhi yenye umande.

FundiChereheni_Moshi

Nina vipande vya kaniki vimebaki kibandani. Nitashona vifuko vitatu vyenye kamba ya pamba, nivitume Maswa kwa basi. Ukubwa gani?

Kitumba_A

Mungu akubariki fundi. Sentimita 40 kwa 50 inatosha, mshono ndani, na ukate ncha za uzi zote. Kama uzi wa cherehani ni wa poliesta, weka mshono upande wa nje usigusane na pamba.

Kaka, ndani ya kila kifuko tia karatasi: mchumo wa ngapi, nafasi gani, ulipanda tarehe ngapi, mvua ilikatika lini. Andika kwa penseli, wino ukipata unyevu unaingia kwenye nyuzi.